Kifaa Kipya Hakiji na Saa Yake: Volkswagen Yangu ya Maharusi



Leo sizungumzii shela wala hina, ingawa vyote viwili vimo humu ndani. Nazungumzia gari la kumpeleka bibi harusi, na hasa kile kilicho chini ya boneti yake, ambacho kwenye Volkswagen za zamani kiko nyuma wala si mbele. Najua kuna atakayesema hii ni kazi ya wanaume. Subiri kidogo, dada yangu. Mimi ni fundi cherehani, na nilichokikuta kule nyuma ya gari ni kazi ninayoifanya kila wiki, ila tu wanaume wanaiita kwa jina lingine. Wao wanaita taimingi.

Kwa wasionifahamu: mimi ni mzaliwa wa Unguja, nimeolewa Sumbawanga, mkoa wa Rukwa, huku juu kwenye uwanda wa Ufipa. Ni mbali hasa. Ukitoka Dar es Salaam unapita Mbeya, unafika Tunduma mpakani, ndipo unashika lami ya kuja kwetu. Mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai inamtoa machozi mtu wa pwani. Waislamu huku si wengi kama kwetu visiwani, lakini harusi zipo, na zinapendeza. Nilimaliza kidato cha nne, nikasomea ushonaji, na sasa nina duka langu la mambo ya maharusi. Nashona magauni, nakodisha mengine, napamba. Na akitaka, bibi harusi nampeleka mwenyewe kwa gari langu.

Hilo la kumpeleka mwenyewe ndilo linalowaleta wengi. Dereva ni mwanamke. Bibi harusi akishaingia ndani anafunua uso, anapumua, akitaka kulia analia, na hakuna mwanamume asiyekuwa maharimu wake anayemtazama kwenye kioo. Anakaa kiti cha mbele, maana gari lina milango miwili tu, na somo wake anakaa nyuma na mkoba wa udi na manukato. Gauni lenye ringi kubwa haliingii, namwambia mapema, nami namshonea linaloingia.

Gari lenyewe ni Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, rangi ya maziwa. Nililinunua kwa familia ya mwalimu mmoja mstaafu. Gari la namna hii si geni kwenye barabara zetu. Mashindano ya Safari yalipoanza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, magari yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na Volkswagen ya aina hii ilishinda mwaka 1954, ikashinda tena 1957 na 1962. Yalitengenezwa zaidi ya milioni 21 duniani, mpaka kiwanda cha mwisho, kule Mexico, kilipoacha mwaka 2003. Ni gari dogo, halina maji wala rejeta. Injini yake inapozwa na upepo wa feni na oili. Hilo mlikumbuke, tutalirudia.

Tatizo lilikuwa asubuhi. Harusi ni saa nne, gari limelala nje kwenye baridi ya Ufipa, na ukiwasha linakohoa tu. Kila baada ya miezi michache fundi alikuwa anafungua distribyuta na kusugua pointi. Pointi ni vichuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana. Kila vikiachana, umeme wa koili unakatika ghafla, na hapo ndipo cheche inaruka kwenye plagi. Uwazi wao ni milimita 0.4 tu. Lakini vinaungua kwa cheche ndogo ndogo, na kile kisigino kinachovisukuma kinalika taratibu, kwa hiyo uwazi unapungua siku hadi siku. Uwazi ukipungua, cheche inachelewa. Leo umepima, baada ya miezi mitatu kipimo kimeshahama chenyewe.

Ndipo nikaamua kuweka kifaa cha kielektroniki. Ni kitu kidogo, kinaingia mle mle ndani ya distribyuta, wala kwa nje huoni tofauti. Pointi na kondensa zinatolewa. Mahali pake inavishwa pete yenye sumaku kwenye mhimili, na pembeni kinakaa kijidude chenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Sumaku ikipita mbele yake, umeme wa koili unakatika. Hakuna kinachogusana, kwa hiyo hakuna kinacholika. Nyaya zina adabu yake: nyekundu inakwenda upande chanya wa koili, nyeusi upande hasi, na ukizigeuza umekiunguza. Koili nayo iwe ya kifaa hicho. Changu kinataka koili yenye ukinzani usiopungua omu 3. Na usiache ufunguo umewashwa huku injini imezimwa, maana koili na kifaa vinapata joto bure.

Kijana aliyenifungia alifanya yote hayo vizuri. Gari likawaka kwa mara ya kwanza. Akaizungusha distribyuta kidogo kulia, kidogo kushoto, akitega sikio, mpaka injini ikalia kwa ukali anaoupenda, kisha akakaza nati. Tulizunguka mjini, na kweli lilikuwa limechangamka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba.

Nikamuuliza, "Mdogo wangu, taimingi umepima kwa nini?"

Akacheka. "Dada, hii ni ya kielektroniki. Ile habari ya kupima ilikuwa ya pointi. Hii inajipanga yenyewe. Na sikio langu halijawahi kunidanganya."

Hapo ndipo ufundi cherehani uliponisimamisha.

Dada zangu mnaoshona mnajua cherehani ikianza kuruka. Unashona, unatazama, mishono mitatu imeshika, wa nne haupo. Sindano ikifika chini kabisa na kuanza kupanda, kiasi cha milimita mbili hivi, uzi wake unafanya kitanzi kidogo. Hapo hapo ile ncha inayozungukia bobini inatakiwa ipite na kukidaka. Ikiwahi, kitanzi hakijafunguka. Ikichelewa, kimeshapotea. Sindano inaweza kuwa mpya, uzi ukawa mzuri, na bado mshono ukaruka, kwa sababu viwili hivyo havikutani kwa wakati wake. Na kila fundi anajua kwamba ukibadilisha ile ncha ya chini ukaweka mpya kabisa kutoka dukani, lazima ukae chini upange upya mkutano wake na sindano. Upya wake haukusaidii kitu. Tena ndio unaokulazimisha upange, maana kile cha zamani kilikuwa kimepangwa na hiki hakijapangwa.

Injini ni vile vile. Pistoni inapanda ikibana mchanganyiko wa hewa na petroli. Cheche hairushwi pistoni ikiwa juu kabisa. Inarushwa kabla, kwa sababu petroli inahitaji muda wa kuungua. Ni kama mwenye shughuli anayewasha mkaa kabla wageni hawajaingia. Akisubiri waingie ndipo awashe, biryani italiwa usiku wa manane. Na injini ikienda mbio zaidi, cheche inatakiwa iwahi zaidi, ndiyo maana ndani ya distribyuta kuna vizito vidogo vinavyotanuka kwa mzunguko na kuisogeza mbele. Kwa Volkswagen yangu, yenye distribyuta ya vizito peke yake, ikienda kasi cheche inatakiwa ifike kiasi cha nyuzi 30 kabla ya pistoni kufika juu. Nyuzi hizi si za kushonea, ni zile za hesabu ya duara, nyuzi 360 kwa mzunguko mmoja. Lakini nakiri neno lilinifurahisha.

Ni muda gani huo? Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ni mara 50 kwa sekunde moja. Nyuzi 30 hapo ni sehemu moja ya 600 ya sekunde. Sikio la nani linapima hilo?

Sasa kwa nini pointi zikitoka na kifaa kikaingia ile taimingi ya zamani haibaki? Kwa sababu pointi zilikuwa zinaachana mahali fulani pa mzunguko, na sumaku inampita mwenzake mahali pengine. Distribyuta ikibaki pale pale ilipokuwa, cheche imeshahama. Kifaa kipya kina sifa moja kubwa: ukikipangia wakati, kinaushika. Hakihami kama pointi. Lakini hakijui wakati wenyewe. Ukikipangia vibaya, kitaushika ubaya huo kwa uaminifu kila siku, bila kuchoka.

Na mimi nilikuwa na jambo mbele yangu. Ilikuwa Ramadhani inaisha, na mwanzoni mwa Mfunguo Mosi nilikuwa na bibi harusi wa kumpeleka Kasanga. Akdi hapa Sumbawanga, kisha tunashuka naye kwa mumewe, zaidi ya kilomita 100, kupitia Matai mpaka bandarini Ziwa Tanganyika. Arubuni ya familia yake nilikuwa nimeshaipokea. Ahadi ni deni, na anayeahidi kumfikisha binti wa watu ameahidi kitu kizito. Msafara utakuwepo, ndiyo, lakini fikiria injini inakufa kwenye mlima magharibi inapoingia, bibi harusi amevaa nguo nyeupe, na wewe ndiye uliyemwambia mama yake usiwe na wasiwasi.

Na kulikuwa na jambo la hewa. Hili nililijifunza jikoni kabla sijalijua kwenye gari. Nilipokuja Sumbawanga, maharage yangu yalikuwa hayaivi kwa muda niliouzoea Unguja. Mama mkwe wangu akaniambia, "Mwanangu, huku maji yanachemka mapema, lakini hayaivishi mapema." Ni kweli tupu. Juu huku hewa haikandamizi kama ufukweni, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi joto 94 hivi badala ya 100, na maharage yanataka saa zaidi. Sufuria ni ile ile, maharage ni yale yale, mahali ndipo palipobadilika.

Hewa ya Sumbawanga ni nyepesi kwa karibu moja ya sita kuliko ya pwani. Injini inavuta hewa kidogo, inabana kidogo, kwa hiyo huku juu inavumilia cheche inayowahi mno. Inachangamka, wala hailalamiki. Lakini Kasanga iko kando ya ziwa, karibu mita 1,000 chini yetu. Kule hewa ni nzito, injini inashiba. Kushuka si tatizo, gari linateremka. Tatizo ni kurudi, kuupanda mlima kutoka ziwani na mzigo. Hapo cheche inayowahi sana inafanya moto uanze kusukuma pistoni chini wakati yenyewe bado inapanda. Utasikia kama kokoto zinatikiswa kwenye kopo. Hiyo ndiyo sauti ya injini kugonga. Na kwenye gari la feni, upepo na kelele vinaificha sauti hiyo, joto linapanda, na kwenye gari langu silinda ya tatu ndiyo inayotangulia kuumia, kwa sababu kipozeo cha oili kimekaa njiani mwa upepo wake. Mwisho wake ni pistoni iliyotoboka.

Huku Ufipa watu wamelijua jambo la moto na hewa tangu zamani. Wazee walikuwa wakiyeyusha chuma kwenye matanuri marefu ya udongo yanayoitwa malungu, marefu kumzidi mtu, yanayovuta hewa yenyewe kwa matundu ya chini bila mivukuto. Moto wa kuyeyusha chuma hauji kwa kelele. Unakuja kwa hewa iliyopimwa. Mabaki ya matanuri hayo bado yapo kwenye uwanda wetu.

Basi nikamtafuta mzee mmoja aliyeshika Volkswagen tangu ujana wake. Akaja na taa ya taimingi aliyoazima, ile inayoshikwa kama bastola. Waya wake unabanwa kwenye waya wa plagi ya silinda ya kwanza, na kila cheche ikipita, taa inamulika mara moja. Ukiimulika puli inayozunguka, alama yake inaonekana imesimama, kana kwamba injini imezimwa. Subhanallah, ni kitu cha kutazama.

Lakini puli yangu ilikuwa na alama moja tu ya kutumainiwa, ile ya pistoni kuwa juu kabisa. Alama ya nyuzi 30 haikuwepo. Mzee akakuna kichwa, akasema ingekuwa vizuri tungepata puli yenye vipimo kutoka Mbeya.

Nikamwambia, "Mzee, nisubiri." Nikaingia dukani nikatoka na futi yangu ya kushonea.

Dada aliyewahi kukata sketi ya mwavuli anajua mahesabu ya duara. Nyuzi 30 ni sehemu moja ya 12 ya nyuzi 360. Nikaizungushia puli futi, nikapata sentimita 54 na kidogo. Gawa kwa 12, ni sentimita 4 na nusu. Kwa hiyo kila milimita moja na nusu ni uzi mmoja wa duara. Ukisimama nyuma ya gari, puli inazunguka kama mshale wa saa, kwa hiyo alama inayotakiwa kutangulia inawekwa upande wa kulia wa ile ya juu kabisa. Nikapima sentimita 4 na nusu, nikaweka alama kwanza kwa chaki ya kitambaa. Mzee akasema chaki itaruka kwa upepo. Nikaleta rangi ya kucha nyeupe kutoka kwenye mkoba wa vipodozi. Ile ikashika, na mpaka leo ipo.

Hapa niwaonye kitu kimoja. Ukisogelea injini inayozunguka, mtandio ufungwe nyuma ya shingo na uingizwe ndani, mikono ya baibui ikunjwe na kubanwa kwa pini. Mkanda wa feni haujui stara wala haukusubiri ujiweke sawa. Gari liwe huru, breki ya mkono imevutwa, na watoto wasiwe karibu.

Mzee akawasha, akaacha injini ipate joto. Kisha akawa anaongeza mafuta taratibu huku mimi nimeshika taa. Alama zikawa zinasogea kadiri mzunguko unavyopanda, mpaka zikafika mahali zikasimama, hazisogei tena hata akiongeza. Maana yake vizito vimetanuka mpaka mwisho. Hapo ndipo pa kupima. Na alama yangu ya rangi ya kucha, ambayo ilitakiwa ilingane na ule mstari wa juu ambapo pande mbili za injini zinakutana, ilikuwa imebaki kushoto, kama sentimita moja na nusu.

Hesabu ni rahisi. Sentimita moja na nusu ni nyuzi 10. Cheche ilikuwa inaruka kwenye nyuzi 40, si 30. Sikio lililosema gari limechangamka halikudanganya. Lilikuwa linasikiliza injini ya Sumbawanga, mjini, kwenye baridi, bila mzigo.

Tulilegeza ile nati ya distribyuta kidogo tu, siyo sana, izunguke kwa kusukumwa na mkono. Kuwahisha cheche unaizungusha kinyume cha mshale wa saa, kuichelewesha unaifuata saa. Mzee akaisogeza kidogo mno, unene wa kucha hivi. Nikamulika tena. Tukasogeza tena. Mara ya tatu alama nyeupe ikakaa kwenye mstari, ikasimama kama sindano kwenye kitambaa. Tukakaza nati, tukapima upya, kwa sababu kukaza nako kunaweza kuisogeza. Ikabaki pale pale.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini usifuate tu kitabu cha gari? Kitabu ni kizuri, na ndicho cha kuanzia. Lakini vitabu vya magari haya vinatoa vipimo vya distribyuta iliyotoka nayo kiwandani, na nyingi zimeshabadilishwa. Na petroli yenyewe si ile. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuachana na petroli yenye risasi, na kufikia mwanzoni mwa 2006 ilikuwa imeondoka. Kwa hiyo ulichonacho mkononi ndicho unachokipima, mahali ulipo, na mahali unapokwenda.

Yule kijana nilimwita aje atazame. Sikumwita kumtahayarisha. Ana mikono mizuri na ana familia. Akaishika taa mwenyewe, akamulika, akanyamaza, kisha akauliza futi inauzwa shilingi ngapi.

Kuhusu Kasanga, alhamdulillah. Tuliteremka salama, bibi harusi akalia kidogo Matai na akacheka tulipoliona ziwa. Kurudi, nilikuwa na somo wake na wazee wawili nyuma. Mlimani nilirudisha gia mapema, sikuilazimisha injini ipande kwa gia kubwa ikiwa inakokota, maana hata taimingi sahihi hairuhusu kuionea injini. Nilifungua kioo nisikie. Ilikuwa inaunguruma tu, sauti ile ile toka chini mpaka juu. Kwenye mji mwenye sikio angesema limepoa kidogo kuliko wiki iliyopita. Ni kweli, na mimi nilikubali lipoe.

Dada zangu, hasa nyinyi mnaosubiri siku yenu. Wengi mnaandika kwamba mnaolewa mbali, mnatoka kisiwani mnakwenda bara, au mnatoka bara mnakwenda kisiwani, au mnafuata waume Muscat na kwingineko. Mnasema, sisi tumesoma, tumelelewa vizuri, tutakaa tu. Naamini mmelelewa vizuri. Lakini ulichopangiwa nyumbani kwa mama kilipangiwa hewa ya kule. Ukifika kwenye nyumba mpya, wewe ni yule yule na thamani yako ni ile ile, ila wakati wa kusema na wakati wa kunyamaza, wakati wa kuomba na wakati wa kusubiri, hupimwa upya. Hii haina maana ujipunguze. Injini yangu haikupunguzwa kitu, iliwekwa kwenye wakati wake.

Na usipime kwa sikio la mtu mwingine. Atakuja shoga akwambie, mbane mapema asikuzoee. Atakuja mwingine akwambie, nyamaza kila kitu. Wote wawili wanasikiliza ndoa zao, kwenye hewa zao. Wewe una kipimo: dini yako, mashauriano na mumeo, na mtu mzima mmoja mwenye hekima anayewajua wote wawili. Kwangu mimi alikuwa mama mkwe na maharage yake. Kuna sura fupi ambayo Mwenyezi Mungu ameapa ndani yake kwa wakati, na wengi tuliihifadhi tukiwa wadogo. Iwe kwenye midomo yetu tunapoingia majumbani mwetu.

Na kwa mnaokodi gari la zamani kwa siku ya harusi, kwa sababu picha zinapendeza na nakubali zinapendeza, muulizeni mwenye gari mambo haya kabla ya kutoa arubuni:

Limebadilishwa nini kwenye mfumo wa cheche, na baada ya kubadilisha taimingi ilipimwa kwa taa au kwa sikio?

Limewahi kwenda safari ya umbali huo, na mlima huo, likiwa na watu?

Nani dereva, na kuna gari gani nyuma yetu likitokea la kutokea?

Nimeona mlango, nimekaa ndani, gauni langu linaingia?

Mwenye gari mwaminifu hatakasirika. Mimi nikiulizwa nafungua boneti, naonyesha alama nyeupe ya rangi ya kucha, na tunacheka.

Kisa cha yule bedui na ngamia wake mnakijua wote, sina haja ya kukisimulia. Kutawakali ni baada ya kufunga kamba. Nasi tunafunga kamba zetu, wengine kwa sindano na wengine kwa spana, kisha tunamwachia Mwenyewe.

Mwenyezi Mungu awafikishe salama mabibi harusi wote wa Mfunguo huu, awape waume wema, majumba yenye utulivu na subira ya kupanga mambo kwa wakati wake. Amin. Nami mniombee dua, huku kwenye baridi ya Ufipa.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.